Kuwauliza Samaki Wanataka Nini

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Sijui ni nani aliyeamua kwamba mtu akishaacha kazi ndipo anapohitaji kujua saa, lakini nawashukuru; imening'inia sebuleni kwangu hapa Pasiansi na inakwenda vizuri. Baada ya pilau na hotuba, mmoja wenu aliuliza mbele ya watu wote, "Mama, kwa miaka yote hiyo ulikuwa unatafuta nini hasa?" Watu walicheka, nami nikacheka, tukapigwa picha, na swali likapita. Tangu hapo nimekuwa nikipalilia mchicha wangu huku nikilifikiria. Kwa kuwa mbele ya watu maneno yangu huisha haraka, nimeona niandike.

Vyeo sitavitaja. Waliopanda pamoja nami wanavijua, na wasiovijua hawajakosa kitu.

Nilizaliwa Majita, upande wa Mara, katika nyumba ya mwalimu wa shule ya msingi. Baba alikuwa Msabato, kwa hiyo alivua Jumapili, siku ambayo majirani wengi walikuwa kanisani na ziwa lilikuwa na nafasi. Mimi nilikaa nyuma ya mtumbwi nikitoa maji kwa kopo, na kuuliza maswali. Siku moja nilimuuliza kwa nini samaki aliyekwisha kuponyoka kwenye ndoano anarudi tena kwenye chambo kilekile. Baba akavuta mshipi, akatema mate majini, akasema, "Muulize mwenyewe." Alitaka ninyamaze. Mimi nikayapokea kama maelekezo ya kazi.

Nilipomaliza chuo nilipangiwa kituo cha utafiti wa samaki hapa Mwanza. Kitengo cha tabia za wanyama kilikuwa chumba kimoja chenye matangi ya kioo yaliyopangwa kwenye kuta mbili, pampu ya hewa iliyokohoa kama mvuta sigara, na Dk. Kokugonza. Huyu alikuwa mama wa Kihaya, mrefu, mkimya, ambaye koti lake la maabara lilikuwa na mistari ya pasi hata katika wiki ambazo mtaa mzima haukuwa na umeme. Sikuwahi kupata maelezo ya jambo hilo.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka, akanisogezea stuli mbele ya tangi lenye furu wawili, madume wote. Mnawajua furu, wale samaki wadogo ambao watoto wa pwani hii huwaokota kwa vikapu. "Angalia. Andika unachokiona," akasema, kisha akaenda zake.

Niliandika kwa bidii mpaka karibu na chai. Nilijaza ukurasa mzima. Alirudi, akasoma mstari wa kwanza tu.

"Umeandika dume mkubwa amekasirika."

"Ndiyo, Daktari."

"Hasira ina rangi gani?"

Sikujua kama ananitega au anauliza. Nikawageukia samaki. Yule dume mkubwa alikuwa amekolea mwili mzima, ubavu unang'aa, na mwenzake amepauka kama kitambaa kilichoanikwa sana.

"Bluu," nikasema.

Dk. Kokugonza akacheka, mpaka akavua miwani akaifuta. Katika miaka yote niliyokuwa naye, sidhani kama nilimwona akicheka hivyo tena. "Basi andika bluu," akasema. "Andika ametanua mapezi, amemkimbilia mwenzake, amemgonga ubavuni. Hiyo hasira utaiandika siku utakayoweza kuithibitisha."

Maneno hayo yaliniingia kupita kiasi. Wakati ule nilikuwa naishi kwa shangazi yangu Igogo, na mjukuu wake alikuwa na umri wa kurusha vitu. Shangazi akiniuliza mtoto ana nini, nilimjibu, "Ametupa kijiko na anapiga sakafu kwa visigino." Shangazi alikiokota kijiko, akasema, "Yaani umesoma mpaka chuo ili usijue kwamba mtoto amekasirika?"

Shangazi alikuwa na hoja. Baadaye nilimpelekea Dk. Kokugonza hoja hiyohiyo: ikiwa tutaandika mapezi na mbio tu, lini tutajua samaki anataka nini? Yeye ndiye aliyenieleza kwamba hapo ndipo kazi inapoanzia. Kitendo unakiona kwa macho. Kinachokisukuma kitendo hukioni, na ukikibahatisha utabahatisha mambo yako mwenyewe. Ila unaweza kumuuliza mnyama. Unamuuliza kwa kumwekea gharama, uone atalipa mpaka wapi.

Hata neno lenyewe lilitusumbua. Mwanzoni tuliandika mlangoni kwamba tunatafiti motisha, na kwa mwezi mzima watu wa idara nyingine walikuja kuuliza posho zitatoka lini. Dk. Kokugonza akang'oa lile bango, akaandika "msukumo". Wageni wakapungua.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote nilikitengeneza na fundi wa vioo aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Igogo. Kilikuwa kimlango cha plastiki kilichoning'inia katikati ya tangi, kimefungwa bawaba juu, kiasi kwamba samaki akikisukuma kwa pua kinafunguka na yeye anapita. Ukingoni mwa chini tulitundika nati za baiskeli. Ukitaka mlango uwe mzito, unaongeza nati. Fundi aliuliza samaki amekosa nini mpaka atengenezewe jela. Nilimwambia si jela, ni mtihani. Akasema kwa uzoefu wake havitofautiani sana.

Upande mmoja tulimweka sato, upande wa pili tuliweka kitu kimoja: siku hii chakula, siku ile samaki mwenzake, siku nyingine mchanga mtupu. Mchanga tuliuweka kwa dhihaka kidogo, maana nani atahangaikia mchanga? Lakini madume waliusukuma ule mlango kwa ajili ya mchanga karibu sawa na walivyousukuma kwa ajili ya chakula. Wakifika upande wa pili wanaanza kuchimba kwa midomo, wanatengeneza sahani ya kutagia hata kama hakuna jike wa kuwaona. Samaki aliyenyimwa mchanga alikuwa anakula, anakua, ana afya. Ukimpima kwa mizani ungesema hana shida. Tangu siku hiyo sijawahi kuamini kwamba mnyama aliyeshiba ni mnyama aliyepata anachotaka.

Kisha tukawaingiza majike waliotaga. Jike wa sato huyabeba mayai mdomoni, na hata vifaranga vikishatoka hukimbilia mdomoni humohumo kukiwa na hatari. Katika muda huo hali chakula. Tuliweka chakula upande wa pili, tukatoa nati zote, mlango mwepesi kama karatasi. Jike akaja, akasimama mbele ya mlango. Alikiona chakula, maana jicho lake lilikifuata kila kilipotikisika. Hakusukuma. Siku zilipopita alikonda mpaka kichwa kikaonekana kikubwa kuliko mwili, na bado kila asubuhi alikuja akasimama palepale.

Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka likizo ya uzazi. Mwanangu wa kwanza alikuwa kwa shangazi, na kila nilipomtazama yule jike maziwa yalinijaa nikalazimika kwenda msalani. Siku moja niliandika ripoti ndefu kuhusu upendo wa mama. Dk. Kokugonza aliisoma yote, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaniwekea mezani.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Inamhusu nani?"

"Sato wa tangi la pili."

"Nyanjura, mwanangu. Nenda nyumbani ukanyonyeshe, kesho uje uandike ya samaki."

Niliondoka nikiwa na hasira. Hiyo niliweza kuithibitisha. Lakini kesho yake niliandika upya, na nilipoondoa upendo nikaona jambo ambalo upendo ulikuwa umelifunika: jike hakuwa amepoteza njaa. Njaa ilikuwepo, ikija mlangoni kila asubuhi. Kulikuwa na kitu kingine kilichoisimamisha, na hivyo viwili vilikuwa vinavutana ndani ya samaki mmoja. Vifaranga vilipomwacha, alisukuma mlango wenye nati nyingi kuliko samaki yeyote tuliyewahi kumjaribu.

Dk. Kokugonza alistaafu, akarudi Bukoba kulima vanila, na akafariki huko kabla sijapata nafasi ya kwenda kumsalimia. Kitengo kilibaki mikononi mwangu. Miaka mingi ilipita katika mambo ambayo mnayajua: pampu mbovu, wanafunzi wazuri na wasio wazuri, na mikutano ya kupanga mikutano. Nitairuka, niwasimulie kesi iliyokuwa ngumu kuliko zote. Ilinipata nikiwa nimebakiza muda mfupi kazini, nikidhani nimeshaelewa kazi yangu.

Upande wa pili wa ghuba, Sengerema, kilikuwepo kikundi cha akina mama waliofuga sato kwenye vizimba vya nyavu ziwani. Mwenyekiti wao, Mama Kulwa, alikuja kituoni akiwa amevaa kanga mbili na uso wa mtu ambaye hatarudi mikono mitupu. Samaki wao walikuwa wanapungua. Wanapandikiza vifaranga, wanavilisha, lakini siku ya kuvuna idadi haifiki. Nyavu zilikutwa zimechanika. Mlinzi alisema ni fisi maji, wale wanyama wa manyoya wanaozamia samaki.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

Alikunja kanga yake magotini. "Mimi nasema kuna fisi maji wa miguu minne, na kuna wa miguu miwili."

Nilivuka kwa kivuko cha Kamanga na mzigo wangu: darubini, kiti cha kukunja, nyavu ndogo. Mlinzi alikuja kunipokea mwaloni, pale inapofikia mitumbwi. Aliitwa Masalu, mwanamume wa makamo, mpole, mwenye mabega ya mtu aliyevuta nyavu tangu utotoni. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Kulwa, yaani shemeji yake, na Mama Kulwa ndiye aliyempa ile kazi. Ndiyo maana maneno ya miguu miwili yalikuwa na uchungu kuliko nilivyoyasikia mara ya kwanza.

"Shikamoo, Daktari," akasema. "Umekuja kuwaona wale wezi?"

"Marahaba. Nimekuja kuona tu. Kama ni wezi sijui bado."

Kila asubuhi nilikaa juu ya mawe, kwenye kivuli, nikatazama vizimba. Fisi maji wa ziwa hili hutoka mchana, Mungu awabariki, wanamwacha mtafiti alale. Walikuja watatu, jike na watoto wake wawili waliokwisha kukua. Walizama kando ya vizimba, wakaibuka na samaki mikononi, wakala wakiwa wamelala chali kama watu walio likizo. Niliwatazama kwa darubini siku baada ya siku, na kila samaki niliyemwona alikuwa furu. Sikuona sato hata mmoja.

Furu walikuwa wamejaa pale kwa sababu ya punje za chakula zilizopenya nyavu na kuzama. Akina mama walimwaga ndoo nzima kwa mara moja, wakaenda mashambani. Sato walikula walichokiwahi, kingine kikawa karamu ya furu, na furu wakawa karamu ya fisi maji.

Nilimwambia Masalu nilichokiona, nikidhani ninampa habari njema kwamba siri inafunguka. Uso wake ulibadilika.

"Hawali sato?"

"Mpaka sasa sijaona."

"Umesema hivyo kwa mtu mwingine?"

Mama Kulwa alikuwa nyuma yetu, amekuja na uji. Alikiweka kikombe changu juu ya jiwe, akageuka, na kabla ya jioni kijiji kizima kilijua kwamba daktari kutoka Mwanza amewasafisha fisi maji. Na kama si wao, basi ni nani? Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza aliiweza.

Siku mbili zilizofuata Masalu hakuja kunisalimia. Nilimwona kwa mbali akiwa ndani ya mtumbwi, amewapa mgongo watu wote.

Asubuhi ya siku iliyofuata nilisikia kilio kutoka nyumba za juu ya mwalo. Nilipofika nilimkuta Bibi Nyamizi, mjane aliyeishi peke yake, amekaa chini nje ya jiko lake na kisu mkononi. Mbele yake kulikuwa na sato mkubwa, amekwisha kuparuliwa. Kando yake alilala mbwa wake, amekauka miguu, na povu mdomoni.

"Mayu, mama yangu, nimemwokota kwenye mawe," akaniambia. "Alikuwa bado mbichi. Nikasema Mungu amenikumbuka. Nimemtupia mbwa utumbo, halafu nikawa natafuta kiberiti." Alirudia hiyo habari ya kiberiti mara nyingi. Kiberiti chake kilikuwa kimeloa, akaenda kwa jirani kuomba moto, na aliporudi mbwa alikuwa anaanguka.

Niliinama nikamnusa yule samaki. Alinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Watu walijaa. Mtu mmoja alitaka polisi waitwe, mwingine alitaka fimbo. Mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano kwenye banda la kupimia samaki, na kabla hajamaliza kusema tumekutana kwa nini, Masalu akasimama.

"Ni mimi," akasema.

Waliokuwa nje ya banda wakasogea ndani.

"Nilimpaka dawa, nikamweka kwenye mawe wanapopitia fisi maji. Nilijua hakuna mtu anayepita kule. Sikumfikiria Bibi." Alimgeukia Bibi Nyamizi, akapiga magoti hapo hapo kwenye sakafu yenye magamba. "Bibi, nisamehe. Ningekuua."

Bibi Nyamizi aliinama kumtazama. "Unawachukia hao wanyama kiasi hicho?"

Hapo ndipo Masalu alipolia. "Siwachukii. Nilitaka mmoja tu, nimpasue tumbo mbele ya watu, waone sato ndani. Mnaniita mwizi tangu masika. Watoto wangu wanaitwa watoto wa mwizi. Shemeji yangu akinipa chakula haniangalii usoni. Nilitaka kuaminiwa. Basi."

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na darubini yangu shingoni. Kazi yangu yote ilikuwa kuuliza kiumbe anafanya analofanya kwa sababu gani, na kwa mtu huyu hakuna aliyeuliza, wala mimi. Sote tulikuwa na jibu tayari. Nilisimama bila kujipanga.

"Mimi nimesema fisi maji hawali sato," nikasema. "Sijasema mtu amekula. Sijui sato wamekwenda wapi. Nipeni nafasi niwaulize."

"Uwaulize akina nani?" akasema Mama Kulwa.

"Sato."

Kuna waliocheka. Afadhali, maana banda lilikuwa linahitaji kicheko.

Tulianza na kizimba kilichopungukiwa zaidi. Niliomba wavu uinuliwe wote, mpaka kitako chake, kazi ambayo haikuwa imefanyika tangu kizimba kiwekwe, kwa kuwa ni nzito na hakuna aliyeona umuhimu. Mama Kulwa mwenyewe aliingia kwenye mtumbwi. Masalu alivuta upande mmoja, wanawake upande mwingine. Wavu ulipofika juu tuliona mambo mawili. Ndani, pamoja na sato, kulikuwa na furu wengi wadogo, waliopenya matundu ya wavu kufuata punje. Na pembeni, chini kabisa, kulikuwa na matundu makubwa yaliyotafunwa, nyuzi zake zimechanwachanwa kama mkeka uliochezewa na panya.

"Haya meno," akasema mama mmoja. "Hiki si kisu."

Kumbe mashimo yaliyokuwa yanaonekana na kuzibwa yalikuwa yale ya juu tu. Fisi maji walikuwa wanawafuata furu waliokimbilia ndani, na wavu ulipowazuia waliung'ata.

Lakini bado haikuwa ushahidi kwamba sato walitoka kwa hiari yao. Mama Kulwa alisema hivyo kabla yangu, na nilimpenda kwa hilo. "Samaki anayelishwa kila siku," akasema, "aende wapi?"

Basi tulimuuliza. Tulichukua wavu mzima usio na tundu, tukaweka sato ndani na chakula cha kutosha, tukakata shimo moja chini, pembeni, kiasi cha lile la meno. Nje ya shimo tulishona wavu wa pili, kama mfuko, ili atakayetoka tumkute. Niliomba Mama Kulwa ndiye ashone, kwa mkono wake, na tukaacha akina mama wawili wa kikundi wakae kwenye mtumbwi jirani. Masalu niliketi naye nchi kavu, mbele ya macho ya watu wote, tukimenya mihogo.

"Daktari," akasema, "na kama hawatoki?"

"Tutajua hawatoki."

"Na mimi?"

Nilimsogezea muhogo mwingine, nikamwambia, "Menya mihogo."

Jua lilipoanza kulainika tulipiga makasia mpaka pale. Mama Kulwa alishika kamba ya mfuko wa nje, akavuta. Ulikuwa mzito. Alivuta tena, mfuko ukapanda juu, na sato wakaanza kurukaruka ndani yake, wanene, wameshiba, wengi kuliko waliobaki ndani. Walikuwa wameacha chakula nyuma yao wakatoka.

Mama Kulwa aliendelea kuushikilia ule mfuko, maji yanamchuruzika mpaka viwiko, akiwatazama samaki. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Shemeji."

"Naam," akaitika Masalu.

"Nimekukosea. Nimekukosea sana."

Masalu alipokea kamba upande wake, wakainua mfuko pamoja, wakawarudisha samaki kizimbani.

Yaliyofuata yalikuwa ya ufundi, na ufundi unachosha kusoma, ila mtauhitaji. Walizungushia kila kizimba wavu wa nje, mgumu, umeachana na wa ndani kiasi cha urefu wa mkono, ili hata fisi maji akitafuna asiufikie wavu wa sato. Waliacha kumwaga ndoo. Walilisha kwa kiganja, kidogo kidogo, na kusimama samaki wanapopunguza kasi. Punje zikaacha kuzama, furu wakapungua, na fisi maji wakaanza kuwinda kwenye matete zaidi kuliko vizimbani. Hawakuacha kabisa. Mnyama hana sababu ya kutii ripoti. Lakini kitako cha wavu sasa kinainuliwa mara kwa mara, na shimo likionekana linashonwa siku hiyohiyo. Kikundi kilimnunulia Bibi Nyamizi mtoto wa mbwa, naye Masalu alimjengea jiko jipya lenye paa, kuni zake zisiloe. Kuna watu kijijini waliosema alistahili adhabu kubwa zaidi. Bibi aliwaambia aliyekuwa afe ni yeye, kwa hiyo uamuzi ni wake.

Kama kuna mtu kati yenu anatafuta somo, nasita kumpa. Dk. Kokugonza alikufa akiamini kwamba mtafiti anatakiwa kutaja alichokiona, basi. Mimi bado naamini hivyo, ila naongeza kitu: ukitaja nusu ya ulichokiona, angalia nani amesimama karibu, maana watu hawangoji nusu ya pili.

Siku yangu ya mwisho ya kazi ya nje niliichagua mwenyewe. Mngedhani ningekwenda kwenye matangi, lakini nilivuka Kamanga. Nilifika mwaloni wakati wa kulisha. Akina mama walikuwa wanapalilia juu ya kilima, na Mama Kulwa alikuwa anaanika kanga kwenye mawe. Masalu alitokea kwa mbali akiwa na mtumbwi, akanipungia kasia, akasogea karibu na mawe, akapaza sauti kwamba punje zimemwishia, anahitaji stoo ifunguliwe.

Mama Kulwa alichomoa kitu kiunoni, kwenye pindo la kanga. Ulikuwa ufunguo wa stoo ya chakula, na ninavyokijua kikundi kile, ufunguo huo hapo awali haukuwahi kulala nje ya kiuno chake. Hakumwita aje auchukue, wala hakumfuata kuhakikisha. Aliurusha juu ya maji, Masalu akaudaka kwa mkono mmoja, na Mama Kulwa alikuwa amekwisha kugeuka, anaendelea kuanika kanga zake.